Jiwe la Daktari Sikudhani

Nchi yetu ya Ridhaa haina matatizo. Hilo limeandikwa kwenye Katiba, ibara ya kwanza, na anayelipinga huwa amevunja sheria, kwa hiyo ushahidi wake haukubaliki. Nalisema mapema ili msomaji wa nchi nyingine asije akaniona mlalamishi. Mimi ni mtumishi wa umma, Afisa wa Vigelegele Daraja la Pili katika Wizara ya Kumbukumbu. Kazi yangu ni kusimama mbele ya akina mama kwenye hafla za serikali nikiwa na kitambaa cha kijani. Kikipanda, wanapiga vigelegele. Kikishuka, wananyamaza. Juu yangu yupo Afisa wa Daraja la Kwanza, ambaye anashughulikia makofi ya wanaume.

Leo nasimulia hafla ya kuzindua jiwe la kumbukumbu mahali alipozaliwa shujaa wetu, Daktari Sikudhani Mwinyikai, kijijini Mikunguni.

Kwanza mjue shujaa kwetu anapatikanaje. Ridhaa hakuna mtu anayelala raia akaamka shujaa. Lazima kwanza awe adui wa taifa, akae katika uadui huo kwa muda wa kutosha, ndipo Wizara impandishe cheo. Daktari Sikudhani alipita ngazi zote. Alikuwa na zahanati wilayani, na mwaka ule wa mafuriko aliona watu wanaharisha mpaka macho yanazama kichwani. Akasema ni kipindupindu. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba ni "mchafuko wa tumbo wa hiari," yaani mtu anaharisha kwa kupenda kwake mwenyewe. Daktari akazunguka vijijini na kipaza sauti, akiwaambia watu wachemshe maji ya kunywa. Sasa maji ya bomba ni ya serikali, na kuyachemsha ni kuyatilia shaka. Wakaja watu wawili wapole na gari lisilo na namba, wakamwomba waende naye kwa mahojiano mafupi.

Mahojiano hayo bado yanaendelea. Ndivyo ofisi husika inavyojibu mpaka leo ukiuliza, na ofisi husika haijawahi kusema uongo kwa sababu haijawahi kusema jambo jingine.

Kisha ugonjwa ule ukafika mji mkuu bila kibali. Ukapita vizuizi vyote vya polisi, ukaingia nyumbani kwa Waziri wetu na kumlaza mama mkwe wake. Mtumishi wa jikoni akachemsha maji kwa siri, bibi akapona. Waziri akatafakari usiku kucha, na asubuhi yake Sikudhani akawa shujaa.

Tulikaa kikao kuamua jiwe lake liwekwe wapi. Kijana mmoja, mgeni kazini, akapendekeza mahali alipofia. Mtu akainuka akafunga dirisha. Yule kijana alihamishiwa kitengo cha ramani za baharini, nasi tukaafikiana kwa kauli moja kwamba jiwe liende mahali alipozaliwa. Hapo ni salama. Siku anazaliwa hapakuwa na afisa yeyote wa serikali.

*

Tulikwenda Mikunguni tukiongozwa na Mkurugenzi wa Mawe, Bwana Kilimba, mtu mwenye tumbo la heshima na moyo usio mbaya. Mama yake shujaa, Bi Mwasiti, alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ndogo ya matofali yenye paa la bati. Tulipiga hodi.

"Karibuni, wanangu," akaitika. "Vueni viatu. Humu kuna mikeka."

Ilikuwepo kweli. Sebule nzima ilikuwa imetandikwa mikeka, wala hapakuwa na kiti wala kitanda. Kwetu mtu akifa, samani hutolewa nje, mikeka ikatandikwa, na ndugu na majirani hukaa na kulala chini. Maiti akishazikwa na siku za msiba zikatimia, tanga linaanuliwa: mikeka inakunjwa, watu wanaoga, maisha yanaendelea. Bi Mwasiti hakupewa mtu wa kuzika. Hakuna hata aliyemwambia kwamba amefiwa. Ila siku moja tu, muda si mrefu baada ya gari lile kuondoka, alikuwa anapepeta mchele akahisi tumbo limemkata pale pale lilipomkata siku ya kumzaa Sikudhani. Akaweka ungo chini, akatandika mikeka. Hakuwa na namna ya kuianua. Miaka ikapita. Majirani walikuja kulala naye kwa wingi, kisha kwa zamu, kisha kwa aibu, mpaka akabaki yeye na mikeka yake.

Akatuangalia mmoja mmoja. Nguo zetu zilionyesha tumetoka serikalini, na uso wake ukapata matumaini ambayo sikupenda kuyaona.

"Mmekuja kunionyesha alipolazwa?"

Bwana Kilimba alikohoa. "Mama, tumekuja kwa jambo kubwa kuliko hilo. Tumekuja kulionyesha taifa mahali alipozaliwa. Mlezi Mkuu wa Taifa mwenyewe atakuja kuzindua jiwe lake."

"Hapo nilikuwepo, mwanangu," akasema Bi Mwasiti.

Hata hivyo alitukirimu. Alitupikia muhogo wa nazi, akatungoja tushibe, kisha akatupeleka uani. Palikuwa na kishina cha migomba, majani yake makubwa yametia kivuli, na chini yake kigoda kimoja. Akatueleza kwamba kitovu cha Sikudhani kilipodondoka, bibi yake alikizika pale akapanda mgomba juu yake, kama ilivyo desturi. Mgomba ule ulizaa, ukafa, ukaacha chipukizi, na chipukizi likaacha chipukizi jingine. Kila alasiri Bi Mwasiti huketi pale.

"Mwanangu mzima mnaye ninyi," akasema bila ukali wowote. "Kwangu kimebaki hiki."

Bwana Kilimba akatazama viatu vyake. Mimi nilitazama migomba.

"Wekeni jiwe lenu," akaendelea. "Sikatai. Lakini huyo Mlezi Mkuu akija nataka nimuulize swali moja. Amelazwa wapi. Nikijua nitamzika, nianue tanga, nami nife kama watu wengine."

"Utapewa nafasi, mama. Kwenye ratiba kuna Neno la Shukrani la Mzazi."

"Sina shukrani. Nina swali."

"Ni nafasi hiyo hiyo, mama," akasema Bwana Kilimba.

*

Maandalizi yalianza kwa kumwondoa Bi Mwasiti. Msinielewe vibaya, aliondolewa kwa heshima. Alipelekwa mji mkuu kwenye Semina ya Wazazi wa Mashujaa, ambako mzazi hufundishwa kutabasamu akiwa amefumba mdomo, kulia bila sauti ili asiharibu matangazo ya redio, na kusema neno "nimefarijika" bila kumeza mate katikati. Mimi nilipewa somo la vigelegele. Bi Mwasiti alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwanangu," akaniambia, "mara ya mwisho nilipiga kigelegele Sikudhani alipofaulu udaktari. Kilitoka chenyewe. Tangu hapo sijakiona tena."

Nilimwandikia alama ya kupita.

Huku nyuma wataalamu walifika Mikunguni na kugundua kasoro. Nyumba ya Bi Mwasiti ilikuwa na bati na sakafu ya saruji. Sikudhani mwenyewe alimjengea mama yake kwa mishahara yake ya kwanza. Sasa mashujaa wote wa Ridhaa, kwa mujibu wa vitabu vya shule, wamezaliwa katika nyumba za udongo, na haiwezekani watoto wa taifa waje kujifunza kwamba mtu anaweza kuwa shujaa na bado mama yake asivujiwe. Nyumba ikabomolewa. Mahali pake ikajengwa nyumba ya fito na udongo, paa la makuti, na matundu mawili matatu yakatobolewa kwa ustadi ili mvua iweze kuingia kihistoria.

Ile mikeka ilikunjwa na kupelekwa Makumbusho ya Taifa, ambako imetundikwa ukutani kama mfano wa ususi wa asili. Kwa maneno mengine, serikali ilimwanulia Bi Mwasiti tanga lake yeye hayupo.

Ikabaki shida ya jiwe lenyewe. Mtaalamu wa kamera alipima huku na huku akasema mwanga mzuri uko uani, palipo na migomba. Migomba ikakatwa. Pakachimbwa msingi mrefu kwenda chini, kwa sababu jiwe la serikali halitakiwi kuyumba. Udongo uliotoka ukapakiwa kwenye tipa. Wananchi wa Mikunguni walikuwa wameomba barabara yao izibwe mashimo tangu enzi za babu zao, na bahati ikawa Mlezi Mkuu angepita hapo, basi mashimo yakazibwa kwa siku moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

*

Siku ya hafla nilimrudisha Bi Mwasiti asubuhi. Aliposhuka garini alisimama.

"Hii nyumba ya nani?"

"Ni yako, mama. Ile ya zamani."

"Mimi sijapata kukaa nyumba kama hii."

"Utaizoea," nikamwambia, kwa kuwa hilo ndilo jibu la kawaida.

Akazunguka nyuma. Nilimfuata. Pale palipokuwa na migomba palisimama kitu kirefu kilichofunikwa kwa hariri, na kuzunguka kwake saruji iliyong'aa. Bi Mwasiti aliiangalia ile saruji. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mtu aliyeweka ufunguo mahali na hapakumbuki.

"Migomba iko wapi?"

"Ilikuwa inaziba kamera, mama."

Hakulia. Afadhali angelia. Alishika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa wa baridi saa ile ya jua kali. "Na udongo wake?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli. Mkono wake uliendelea kunishika mpaka ving'ora vilipolia.

Mlezi Mkuu wa Taifa aliwasili akiwa amechelewa kwa kiasi kinacholingana na cheo chake. Jukwaani kulikuwa na maji ya chupa kutoka ng'ambo. Waziri wetu alitoa hotuba ndefu kuhusu kuchemsha maji, wazo ambalo alisema lilizaliwa na Mlezi Mkuu, likatekelezwa na Wizara, na Daktari Sikudhani "akalipokea kwa moyo wa kizalendo." Akasema, "Waswahili walinena, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na mzazi wa taifa hili ni nani?" Makofi yakapigwa kwa zamu nzuri. Kitambaa changu kilipanda na kushuka mpaka bega likauma.

Ndipo Mlezi Mkuu akavuta kamba na hariri ikaanguka. Jiwe lilikuwa jeusi, zuri sana, sitaki kulionea. Kwa herufi kubwa za dhahabu liliandikwa jina la Mlezi Mkuu, aliyelizindua. Chini yake jina la Waziri, aliyeshuhudia. Chini kabisa, kwa herufi ambazo ukiinama unazisoma, "Hapa alizaliwa Dkt. Sikudhani Mwinyikai," halafu mwaka wa kuzaliwa, halafu kistari, halafu pakawa patupu. Fundi alikuwa ameuliza aandike nini baada ya kistari. Wizara ilimjibu aache nafasi.

Mshereheshaji akatangaza Neno la Shukrani la Mzazi.

Bi Mwasiti alipanda polepole. Kipaza sauti kilikuwa juu mno kwake, na hakuna aliyekuja kukishusha, lakini uwanja ulikuwa kimya hivyo alisikika.

"Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe," akaanza. "Nashukuru kwa jiwe. Ni kubwa na ni zuri. Lakini mimi nilikuwa na mwana." Akamgeukia Mlezi Mkuu. "Baba, mwanangu mmemlaza wapi?"

Swali kama hilo halijawahi kuulizwa Ridhaa. Niliona walinzi wanaangaliana kama watu waliosikia lugha ya kigeni. Mlezi Mkuu, ambaye ni msemaji hodari, alitabasamu akainuka, akafungua mikono.

"Mama yetu! Sikudhani hajafa! Mashujaa hawafi!"

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwasiti. "Basi mwambieni arudi nyumbani. Amekawia."

Kicheko kidogo kikatoka kwa mabalozi, ambao hawajui lugha. Mlezi Mkuu akashusha mikono, akaiweka kifuani.

"Mama, Sikudhani yumo mioyoni mwetu."

"Nitoleeni humo basi," akasema Bi Mwasiti, "nimzike."

Bwana Kilimba alinipigia ishara kwa macho yote mawili, vigelegele, haraka. Nikakiinua kitambaa. Nilikiinua juu kabisa, kama ninavyofundisha. Akina mama wa Mikunguni walikitazama. Mmoja wao, jirani aliyewahi kuacha zamu yake ya kulala pale mkekani, alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kilio. Wenzake wakampokea. Niliteremsha kitambaa na hawakunyamaza. Bendi ikaamriwa kupiga wimbo wa taifa, wote tukasimama wima, na wimbo ukapigwa juu ya kilio mpaka msafara wa Mlezi Mkuu ukaondoka.

*

Wageni walipotoweka, watu walikaa wakila pilau la serikali. Bi Mwasiti hakula. Alipita kwa kila mtu aliyefanya kazi pale akiuliza swali moja tu, udongo wa migombani umeenda wapi. Alikuwa amenyimwa jibu kubwa, sasa anatafuta dogo. Dereva wa tipa alikuwa amekaa kwenye tairi na sahani mapajani. Akaweka sahani chini.

"Mama, nisamehe. Nilimwaga kwenye lile shimo kubwa la karibu na daraja. Sikujua kuna kitu."

Msafara wote ulikuwa umekanyaga hapo, magari ya Mlezi Mkuu, ya Waziri, ya mabalozi, na basi la bendi.

Bi Mwasiti akashika njia. Hakumwita mtu. Lakini yule jirani akachukua jembe akamfuata, na mwingine, na mwingine, mpaka wanawake wakawa wamejaa barabarani. Maalim Bungala wa msikiti wa kijiji akaja nyuma yao akiwa amekunja uso. Kulikuwa na kanga mpya tele siku ile, zote zimegawiwa bure na zote zina sura ya Mlezi Mkuu. Bi Mwasiti alivua ile kuukuu ya mabegani mwake, akaitandaza chini.

Walichimba shimo likawa shimo tena. Sikutegemea waone kitu, na kusema kweli hawakuona, maana kitovu cha mtoto mchanga ni kidogo kama kidole na miaka ni mingi. Waliona mizizi ya mgomba, imepondwapondwa na magurudumu, imeshika udongo mweusi. Bi Mwasiti aliichambua kwa vidole, akaipangusa kokoto moja moja. Kisha akaifunga ndani ya kanga, akaipakata.

"Maalim, tumswalie," akasema.

"Bi Mwasiti, hatujaambiwa kwamba amekufa. Na hiki... Sijui kama hii inajuzu."

"Hata mimi sijui, Maalim. Nimechoka kungoja watu wanaojua."

Nilidhani Maalim Bungala ataondoka. Akavua viatu, akageukia kibla, na wanaume waliokuwa wamejificha nyuma ya daraja wakaja kupanga safu nyuma yake. Baadaye tulikwenda makaburini. Kaburi lilikuwa fupi, la urefu wa mtoto wa siku saba. Bi Mwasiti aliteremsha lile furushi kwa mikono yake mwenyewe, na alipoliachia nilimsikia anasema kwa sauti ya kumbembeleza binti yake, "Lala, mama. Lala sasa."

Watumishi wa umma Ridhaa hulia kwa kibali. Mimi sikuwa nacho. Nililia sana, niliona uchungu ambao sikuwa nimeuona hata nilipomzika baba yangu, kwa sababu baba yangu nilipewa.

Bwana Kilimba alitukuta tunarudi. Alikuwa anahema, suruali imejaa vumbi.

"Mmechimba barabara ya Mlezi Mkuu! Na mtu yumo mahojianoni, mnamzikaje? Mimi nitaandika nini kwenye taarifa?"

"Andika shimo limerudi," nikamwambia.

Alifikiri. Akaona ni jambo ambalo hakuna atakayeshangaa kulisoma. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea kwake, akavua kofia akampa Bi Mwasiti pole, pole ya kweli, ile ya kushika mkono kwa mikono miwili. Ilikuwa pole ya kwanza kutoka serikalini, na ndiyo ya mwisho mpaka sasa.

Jioni ile nilirudi mjini, nikampigia mama yangu simu. Tuliamkiana, tukaongea habari za kuku na za mvua. Halafu nikamuuliza, kama mtu anayetania, iwapo anakumbuka kitovu changu kilizikwa wapi. Nilitegemea acheke aniulize nimepatwa na nini. Mama hakucheka.

"Nyuma ya jiko, kwenye mstafeli," akasema. "Nimepazungushia mawe tangu siku ulipoajiriwa serikalini."